Vichuguu Tulivyoviacha

"Wewe uliyesoma, hebu tuambie. Uyoga unakula nini?"

Aliyeuliza ni baba mdogo, na hakuuliza kwa nia ya kujua. Tulikuwa tumekaa uani kwa shangazi, kijijini, nje ya Mpanda mjini kwa barabara ya kwenda Tabora, tukijadili kama kipande cha pori cha familia kikatwe au kisikatwe. Nilikuwa nimemaliza chuo, niko nyumbani Makanyagio, mjini, nasubiri ajira, na katika kusubiri huko nilikuwa nimegeuka mtu wa kuhoji kila kitu. Nilihoji mahubiri. Nilihoji taarifa ya habari. Nilihoji hata kwa nini wali wa msibani lazima uwe na moshi. Baba mdogo alikuwa amechoka na mimi. Sasa alikuwa amenikamata kwa swali moja, na wote pale uani wakanigeukia.

Nilisema sijui.

Pori lenyewe halikuwa kubwa. Ukisimama upande mmoja ungemsikia mtu akikohoa upande wa pili. Babu aliliacha bila kulima kwa sababu udongo wake ulikuwa wa mchanga, na katika maisha yake ardhi ilikuwa bado ya kuchagua. Miti ya mninga iliondoka zamani, ikawa vitanda na milango ya watu wa mjini. Ikabaki mitundu, mti ambao fundi seremala hauangalii mara mbili. Gome lake hutoa kamba, maua yake hupendwa na nyuki, na kuni zake zina moto mkali, basi. Katikati ya mitundu hiyo vilisimama vichuguu, vingine virefu kuliko mtu mzima.

Shangazi aliishi pembeni ya pori. Aliolewa mbali, ndoa ikamshinda, akarudi. Kwa desturi ya ukoo wetu mwanamke aliyerudi hupewa mahali pa kujenga na mahali pa kupanda mboga. Mashamba ya mahindi ni ya kaka zake, na akihitaji unga huenda kwao na beseni. Lakini uyoga haukuwa na mwenyewe. Aliyeuona kwanza ndiye wake. Kwa hiyo mvua zilipoanza mambo yaligeuka. Shangazi aliamka mapema kuliko watu wote, akaokota, akauza mwingine barabarani ukiwa juu ya majani mabichi, na mwingine akaukausha kwenye chanja nyuma ya nyumba. Uyoga mkavu ulimvusha mpaka mvua za mwaka uliofuata. Alinunua unga wake mwenyewe. Alinunua vitenge. Kaka zake ndio walioonekana mlangoni kwake na vikombe, wakiomba mboga.

Msimu mmoja kabla ya kikao kile nilikwenda naye porini. Majani yalikuwa bado yanadondosha maji na kanga zetu zililowa mpaka magotini. Alitembea kimya, na mimi niliongea. Alinionya nisiite jina la mtu kwa sauti, kwa sababu uyoga hujificha ukisikia makelele. Nikamuuliza uyoga unasikia kwa sikio gani. Akaniambia nibebe kikapu.

Tulipofika kwenye kichuguu cha kwanza alichomoa uyoga mmoja mkubwa kama sahani, wenye mzizi mrefu uliozama ndani ya udongo. Hakuutia kwenye kikapu. Aliuvunja vipande akavitawanya palepale.

"Wa kwanza ni wa nyumba," alisema. Nyumba, kwake, ni kichuguu.

"Usipourudisha inakuwaje?"

"Sijui. Sijawahi kuacha kuurudisha."

"Basi hujui kama inasaidia."

"Na wewe hujui kama haisaidii. Kikapu kinainama, kishike vizuri."

Uyoga wa kichuguu ulikuwa mtamu, wenye nyama, lakini haukukaa. Ukiuokota asubuhi, jioni una funza. Uliomlisha shangazi mwaka mzima ni mwingine, wa manjano, mdogo, wenye ukingo uliojikunja kama pindo la gauni na harufu kama ya tunda lililoiva. Huo ulikauka vizuri na haukuoza. Uliota ukiwa umetawanyika chini ya mitundu, mbali na kichuguu chochote. Jambo hilo halikuniingia akilini.

"Shangazi, hapa hapana kichuguu. Huu umetoka wapi?"

Hakuinua kichwa. "Kichuguu kina vyumba chini kwa chini, vinafika mpaka huku. Hawa ni watoto waliotembea."

Nilicheka. Yeye hakucheka, lakini hakukasirika pia. Aliendelea kuokota, vidole vikitangulia macho.

Sasa turudi kwenye kikao. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke. Shamba lake lilikuwa limechoka, watoto wake walikuwa shuleni, na majirani zake waliokuwa wameingia kwenye tumbaku walikuwa wanaezeka bati. Tumbaku inataka bani la kukaushia, na bani linataka kuni, kuni nyingi, za moto mkali. Mitundu ilikuwa palepale mlangoni. Ikishakatwa, palepale pangelimwa mahindi. Baba yangu, ambaye ndiye mkubwa wao, alikuja kutoka mjini ili kusikiliza na kuamua.

Shangazi alisema maneno machache. "Mkikata pori uyoga utaondoka. Na mimi nitakula nini?"

"Uyoga unaota chini, dada," alisema baba mdogo. "Mimi nakata juu."

Watu wakacheka, hata shangazi kidogo. Nami nikaingilia, kama kawaida yangu. Nikamuuliza baba mdogo ana uhakika gani kwamba uyoga hauhitaji miti. Nikamgeukia shangazi nikamuuliza na yeye ana uhakika gani kwamba unaihitaji. Niliona ni haki kuwabana wote wawili. Ndipo baba mdogo akanirushia lile swali.

Nilitoa simu. Mtandao ulikuja na kuondoka, na kila ulipokuja ulinionyesha uyoga mweupe unaooteshwa ndani ya mifuko ya mabua, kwenye chumba chenye giza. Hapakuwa na mtundu wala mti wowote. Sikutaka kusoma hilo mbele yao kama jibu kwa sababu sikuwa na hakika nalo. Nikarudisha simu mfukoni nikasema sijui. Chuoni tulifundishwa kwamba kusema hujui ni uaminifu, na nilidhani nimetoa jibu lisilo na upande. Nilikuwa sijagundua bado kwamba kwenye kikao cha familia jibu la namna hiyo halipo. Msomi akisema hajui, aliyeshika shoka husikia kwamba hakuna kizuizi.

Baba alikohoa, akamuuliza shangazi anataka nini hasa.

Shangazi alifikiri. Nakumbuka alikuwa anachambua mchicha mapajani, akaacha kuchambua. Kisha akasema, "Basi acheni vichuguu. Vyote. Msiguse hata kimoja. Miti mkate."

Baba mdogo alikuwa amejiandaa kwa mabishano marefu zaidi. Alikubali kabla dada yake hajafunga mdomo. Baba akasema hapo mmesikilizana kama watu wa tumbo moja, akaomba chakula kiletwe. Mimi pia nilifurahi. Niliporudi Makanyagio nilimweleza mama, kwa maneno ya darasani, kwamba tumelinda chanzo cha rasilimali na kuruhusu matumizi ya kinachobaki. Mama akasema vizuri, naomba ukalinde na maharage jikoni yasiungue.

Baba mdogo alitimiza ahadi kwa namna iliyonigusa. Kabla ya kukata alizungusha majivu kuzunguka kila kichuguu, duara pana, ili vibarua wasije wakasingizia kwamba hawakuona. Mti uliokuwa umeinamia kichuguu ulifungwa kamba ukavutwa uangukie upande mwingine, kazi ya jasho ambayo isingekuwepo kama wangekuwa na roho ngumu. Shangazi aliwapelekea uji. Niliwahi kumkuta amekaa kwenye gogo, anawaelekeza: hapo kaza, hapo legeza, nyie watoto mnavuta kama mnakamua ng'ombe.

Pori likaondoka. Vichuguu vikabaki vimesimama kwenye uwazi, vikiwa vyekundu, na vilionekana vingi zaidi kuliko tulivyowahi kudhani.

Mvua za kwanza baada ya hapo, uyoga wa kichuguu ulikuja, tena mkubwa. Baba mdogo aliubeba mmoja kichwani kama mwavuli mpaka kwa dada yake.

"Hodi, dada. Mgeni wako huyu hapa, amelowa."

"Mkaribishe ndani, wewe baki nje," alisema shangazi, na safari hii alicheka kweli.

Uyoga wa manjano ulikuwa mchache sana. Tulitafuta pamoja, tukapata kama wa kujaza kiganja, mmoja huku, mwingine kule, wote karibu na visiki. Visiki vilikuwa vimeanza kuchipua majani mekundu, yale majani machanga ya mtundu ambayo mgeni huyadhania maua. Shangazi aliushika ule wa manjano kiganjani akautazama.

"Wamepotea njia kidogo," alisema. "Jua limekuwa kali, hawajazoea. Mwakani."

Lakini kiangazi kilipofika baba mdogo alitaka kulima kwa plau. Alikwenda kuzungumza na jirani, Msukuma aliyehamia kutoka kaskazini na mifugo yake, mwenye maksai waliofunzwa vizuri. Jirani alikuja, akatembea shambani mikono nyuma, akapiga kisiki kimoja teke.

"Ng'ombe wangu wamezoea mbuga za kwetu," alisema. "Hawajui kuruka viunzi. Ng'oa visiki hivi, ndipo uniite."

Visiki vya mtundu having'oki kirahisi. Mizizi yake inakwenda mbali. Baba mdogo na vibarua walichimba kuzunguka, wakakata mizizi kwa shoka, wakajaza mabua makavu kwenye mashimo na kuwasha. Moshi ulikaa juu ya shamba lile kwa muda mrefu, mwembamba, wenye harufu nzuri. Shangazi aliomba jambo moja tu, kwamba moto usisogee karibu na vichuguu. Haukusogea.

Mvua zilizofuata, uyoga wa manjano haukuja hata mmoja.

Nilikuwepo. Nilikuwa bado nasubiri ajira, na nilikwenda kijijini kwa kisingizio cha kumsaidia kuokota. Tulipita kati ya mistari ya mahindi machanga, vikapu mkononi, tukiangalia chini. Udongo ulikuwa mweusi kwa majivu, mzuri kwa macho. Uyoga wa kichuguu ulikuwa umechomoza, tukaokota, tukaosha. Shangazi hakumwaga maji aliyooshea. Aliyabeba kwenye ndoo akaenda nayo shambani, akayamwaga kidogokidogo pale ambapo zamani tulikuwa tunaokota ule wa manjano. Alipajua kila mahali. Palikuwa hapana mti wa kumwongoza lakini aliweza kusimama, akageuka, akasema ni hapa.

Jirani wa maksai alikuwa anapita njiani.

"Mama, unamwagilia nini, na mvua imenyesha asubuhi? Nyie Wakonongo hata mchanga mnaupikia supu."

"Ikiiva utakuja na bakuli, Msukuma, nakujua."

"Nitakuja na familia nzima."

Alipopita, shangazi aliinamisha ndoo akamalizia maji yaliyobaki. Nilitaka kumuuliza kama anaamini kweli kwamba maji yale yatasaidia uyoga wa manjano urudi. Lile swali nililomuuliza pale kichuguuni lilikuwa bado mdomoni mwangu. Lakini sikuuliza. Nilibeba ndoo tupu.

Alimwaga maji yale msimu mzima. Msimu uliofuata alijiunga na wanawake waliokuwa wanakwenda mbali, mpaka msitu wa hifadhi, ambako ilibidi waondoke mapema na kurudi jua likiwa linazama, na ambako askari wa msitu aliwarudisha mara nyingine na mara nyingine akawaacha. Magoti yalimkataza. Chanja nyuma ya nyumba ikawa mahali pa kuanikia vyombo. Na siku moja nilipofika nilimkuta anatoka kwa baba mdogo na beseni la unga kichwani. Baba mdogo hakuwahi kumnyima. Alimpa bila neno, akamwongezea. Ila sasa shangazi alikuwa mtu wa kupewa, na yeye alikuwa ameishi miaka mingi bila kupewa. Kwenye sherehe alianza kukaa nyuma. Kwenye vikao aliulizwa maoni mwishoni, watu wakiwa wanasimama.

Nilitafuta njia. Nilipata mbegu za ule uyoga mweupe wa mifuko kutoka kwa mtu wa mjini, nikamfundisha shangazi kuchemsha mabua na kuyajaza kwenye mifuko. Uliota vizuri, mwingi, kwenye kibanda cha kuku alichokisafisha mwenyewe. Tulipika wa kwanza. Alitafuna kwa makini kama mtu anayesikiliza.

"Unaonaje?"

"Ni kama kuku wa kisasa," alisema. "Unashiba, lakini humkumbuki."

Aliuotesha misimu miwili, kisha mbegu zikawa shida kupatikana, akaacha.

Jibu la lile swali la baba mdogo nililipata baada ya miaka, nikiwa tayari nina kazi za muda za kutafsiri kwa wageni wanaokuja kufanya utafiti. Kundi moja lilikuwa linapima misitu ya upande wa kuelekea Karema. Katika kundi hilo kulikuwa na mwanamke mmoja Mtanzania, umri wa mama yangu, aliyezungumza Kiswahili kizuri kuliko changu, hivyo sikuwa na cha kumtafsiria. Nilimshikia mfuko tu. Alichimba polepole chini ya mtundu, akainua mzizi mwembamba kama uzi wa kushonea. Ncha zake zilikuwa zimevikwa kitu kama soksi, na kutoka kwenye soksi hiyo nyuzi nyepesi zilikwenda pande zote ndani ya udongo.

"Huyu ndiye uyoga," alisema. "Ule mnaokula ni tunda lake."

Akanieleza. Jani la mtundu linatengeneza sukari kwa jua. Sukari inashuka mpaka mizizini, na uyoga wa manjano unailamba hapo. Kwa malipo, nyuzi zake zinaleta maji na chumvichumvi kutoka mahali mzizi haufiki. Uyoga wa kichuguu ni ukoo mwingine kabisa. Huo unalimwa na mchwa wenyewe, ndani, kwenye vyumba vyao, na hauhitaji mti ulio hai. Hakuna watoto waliotembea. Hawajawahi kuwa ndugu.

Nilimpelekea shangazi habari hizo. Nilimkuta anakatakata majani ya maboga, nikakaa kwenye kigoda, nikaeleza yote, hata sukari na soksi.

"Kwa hiyo," alisema nilipomaliza, "tulilinda nyumba ya huyu, tukachoma jiko la yule."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyesema vichuguu viachwe."

"Sote tulikubali, shangazi."

"Na wewe ulikuwa hujui."

"Nilikuwa sijui."

"Haya." Alisukuma majani kwenye sufuria. Kisha akauliza, "Hizo nyuzi zilikufa lini? Siku ile walipokata?"

Nikamwambia ndiyo, siku ile walipokata. Ndivyo nilivyodhani, na lilionekana jibu jepesi kwake, kwa sababu siku ile ilikuwa imeshaamuliwa na watu wote na hapakuwa na cha kufanya. Akatikisa kichwa, akaniomba chumvi.

Shangazi alifariki kiangazi kilichopita. Vichuguu bado vipo shambani, na mvua zikianza uyoga wa kichuguu hutoka, huliwa siku hiyohiyo, huisha. Mwaka huu nimeanza kazi kwenye mradi wa misitu, na katika mafunzo ya kwanza nimejifunza kwamba mtundu ukikatwa haufi. Kisiki chake huchipua tena kutoka kwenye mizizi ileile, na nyuzi huendelea kuishi kwenye mizizi hiyo, zikisubiri majani, mradi tu kisiki kisichimbwe wala kuchomwa.